Nitazungumza Naye Tu

Laramie, Wyoming
20 Februari 1870

Mume wangu Hosea,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekuta mkate wa Bi. Orpha. Mkate wa Bi. Orpha umeumuka, mkate wa Bi. Orpha haugandi hata theluji ikiingia hemani, Bi. Orpha mjane wa watu anailisha kambi nzima kwa mkono mmoja. Mkono wa pili anaufanyia nini, hukuandika. Mimi nakuokea mkate tangu Ohio na sijawahi kupata hata nusu mstari. Haya, msalimie.

Jana askari wa mahakama alibisha hodi, nikajua umeanguka kutoka kwenye mapaa hayo mnayoijengea reli dhidi ya theluji. Kumbe kaniletea wito. Nimeitwa kukaa juri, Hosea, mimi na wanawake wengine wa hapa mjini, tukae pamoja na wanaume tusikilize kesi na kuamua nani ana hatia. Unaikumbuka ile sheria waliyoipitisha waheshimiwa kule Cheyenne kabla ya Krismasi, kwamba mwanamke wa Wyoming apige kura kama mwanamume. Watu walisema waliipitisha kwa kutaniana. Basi mzaha mzaha umetunga usaha. Jaji kasema mwenye kura ana juri pia, na hataki kusikia kicheko.

Yumo mke wa mchungaji, yumo mwalimu wa shule, nimo mimi. Na kwa upande wa wanaume, hii utacheka, yumo Alvah Tewksbury, fundi wa matandiko ya farasi. Ndiye yule yule aliyekuwa ananiletea matofaa kanisani kule Ashtabula, Ohio, kabla hujatokea wewe na msumeno wako. Tulikutana dukani leo akaniambia Wyoming haijanizeesha hata kidogo. Nikamjibu ahsante, mume wangu hana nafasi ya kuliona hilo, ana mkate wa kula.

Mkeo,
Almira


Kambi ya Bitter Creek
25 Februari 1870

Mke wangu,

Orpha ni bibi kizee mwenye meno manne, na moja linacheza. Ningejua utanuna ningekuandikia habari za maharage.

Sasa tuje kwa Tewksbury. Matofaa yake yalikuwa na funza, hilo Ashtabula nzima inalijua, na mwenyewe anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Leo ndiye wa kukwambia umezeeka au hujazeeka? Macho yake yalikuwa wapi hata akaona? Muuza duka alikuwepo? Ulikuwa umevaa ile shali ya buluu? Nijibu.

Hapa kuna jamaa aliyewahi kukaa juri kule Illinois. Anasema kesi ikiwa kubwa wanafungiwa hotelini, wote kumi na wawili, mpaka wakubaliane. Nimemuuliza, wote? Akasema wote. Kambi nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikipanda ngazi wananiuliza, "Hosea, mkeo amekubaliana na nani?" Nyundo ninayo mkononi, namshukuru Mungu nina subira.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, Almira, na mimi niko mbali. Mwambie jaji unaumwa. Mwambie mumeo hataki. Leo juri, Septemba kura, Krismasi utaniomba suruali. Sikuombi, nakukataza.

Mumeo,
Hosea Purdom


Laramie
2 Machi 1870

Bwana Hosea Purdom, mkatazaji,

Nimekwenda kwa jaji. Alituambia asiyetaka aseme, ataruhusiwa arudi nyumbani kwa amani. Mke wa mwenye duka la kofia akasema, akaondoka. Nikakifikiria kiti changu cha pale jikoni, nikaifikiria barua yako, nikanyamaza. Kunyamaza ni kukubali, kwa hiyo nimo.

Jumatatu tunaanza. Gazeti moja la mashariki limeleta mchoraji. Anataka kutuchora tukinyonyesha watoto huku tunamhukumu mtu kunyongwa. Tumekubaliana wanawake wote tuvae shela nzito usoni, akachore shela. Wanaume nao wamekatazwa kutafuna tumbaku na kutema sakafuni. Wameumia kuliko mshitakiwa.

Shali ilikuwa ya buluu, ndiyo. Na kamba ya begi langu ilikuwa imekatika, Tewksbury ameishona upya, bure, kwa uzi wa nta. Kazi safi.

Usikasirike. Wivu wako unanipasha moto kuliko kuni tunazouziwa hapa. Uchochee kidogo, nami nipate kulala.

Almira wako


Laramie
9 Machi 1870

Binamu Hosea,

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Niko na farasi wangu hapa zizini, mbele yangu kuna mlango wa hoteli, na macho hayana pazia. Damu nzito kuliko maji, kwa hiyo nakuandikia.

Mkeo ameingia humo tangu Jumatatu na hajatoka ila kwenda mahakamani ng'ambo ya barabara na kurudi. Wanatembea wawili wawili. Wa kwake ni Tewksbury. Jana kulikuwa na barafu, akamshika kiwiko toka mlango hadi mlango. Mkeo kajifunika shela, uso hauonekani. Nilimwita, "Shemeji," akapita kama hanijui. Wanasema kuna mama amewekwa alinde mlango wa chumba cha wanawake. Kama hakuna la kulindwa, wamemweka wa nini? Penye moshi hapakosi moto.

Kesi yenyewe ni ya Enos Gault, yule fundi wa mabehewa. Alisikia habari za mkewe na mpangaji, akarudi nyumbani bila kutoa taarifa, akampiga mpangaji risasi. Mitaani watu wanasema Gault mwanamume. Mimi sisemi kitu.

Binamu yako,
Lute Bickel


Bitter Creek
12 Machi 1870

Almira,

Kwa nini huandiki?

Lute ameniambia. Mkono wa Tewksbury ulikuwa kwenye kiwiko chako. Usiniambie barafu. Ohio ilikuwa na barafu pia na hukuanguka. Na shela? Mwanamke hafuniki uso ila ana cha kuficha. Mlisema ni kwa ajili ya mchoraji, je, Lute naye ni mchoraji? Alikuita shemeji ukampita.

Nimekosea kipimo cha boriti mbili leo. Msimamizi kaniuliza nina nini. Nikamwambia jino.

Andika, hata mstari mmoja. Ukiandika kwamba ni uongo nitaamini.

Hosea


Bitter Creek
16 Machi 1870

Almira,

Treni tatu zimepita na hakuna kitu. Ungekuwa na la kusema ungesema. Wino haujaisha Laramie. Mtu anayenyamaza hivi ameshaamua, anangoja tu mwenzake ajue.

Nimekuwa nikimfikiria yule Gault. Huku wanamcheka. Mimi sicheki. Gault angalau alikuwa karibu, alirudi akaona kwa macho yake. Mimi nimelala kwenye hema napigiliwa misumari na barua ya binamu.

Nimeomba ruhusa. Nimempa mwenzangu randa yangu nzuri, ile ya baba, naye amenipa bastola yake. Usishtuke. Njia ni ndefu na kuna watu wabaya. Jumamosi napanda treni. Sitapiga kelele wala sitakuaibisha mbele ya majirani. Nitakwenda moja kwa moja kwa Tewksbury dukani kwake. Nitazungumza naye tu.

Hosea


Laramie
18 Machi 1870

Hosea,

Barua hii nimempa kondakta wa treni ya magharibi, yule uliyemtengenezea kiti. Ameniahidi ataisubiri treni yako Rawlins, abiria wakishuka kula, na ataiweka mkononi mwako. Kama unaisoma, simama hapo hapo ulipo.

Mtu wa juri haruhusiwi kupokea barua wala kuandika. Haruhusiwi kusema na mtu mtaani, hata shemeji yake. Wewe hujawahi kukaa juri, nami nilidhani unajua. Ndivyo tulivyofika hapa. Leo asubuhi tumetoa uamuzi wetu, karani akafungua kabati akanipa barua zako. Nimezisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za hoteli, shela ingali usoni.

Sasa nisikilize, maana naweza kusema. Gault alikuwa kazini mbali, kama wewe. Ndugu yake alimwandikia habari za mkewe, Keziah, na mpangaji. Hakumuuliza Keziah. Alipanda treni. Alipoingia mjini alipita kwa mhunzi, na mhunzi alipoona kiuno chake kimetuna akamuuliza anakwenda wapi na kitu hicho. Mhunzi alituapia kwamba Gault alicheka, akasema, "Usiogope. Nitazungumza naye tu." Mpangaji alikuwa uani. Kamba ya kisima ilikuwa imeganda, akawa anamvutia Keziah maji. Alikufa na ndoo mkononi.

Tulipofungiwa kuamua, Tewksbury alisema tumwachie huru, mwanamume gani asingefanya vile. Mke wa mchungaji alitaka kitanzi. Mimi nikasimama, Hosea. Mimi niliyekuwa sijawahi kusema mbele ya watu hata kanisani. Niliwaambia nina mume mwenye wivu nyumbani. Anabweka, anafoka, anauliza shali ilikuwa rangi gani, na katika miaka yetu yote hajawahi kuniinulia hata kidole. Nikawaambia mtu akisema atazungumza tu, pengine kweli alikuja kuzungumza, shetani akampitia njiani. Nililia. Wakanisikiliza. Gault amepata kifungo, hakupata kamba. Nilitoka pale nikijisifu kwamba nimeokoa roho ya mtu, na kwamba nimekutetea wewe.

Kisha nikafungua barua yako ya mwisho na kuyakuta maneno yale, kwa mwandiko wako.

Tewksbury hajanigusa zaidi ya kiwiko. Sikwambii hivyo ili upoe. Hata angenigusa, hata ningemtaka mimi mwenyewe, jibu langu kuhusu hiyo bastola lingekuwa hili hili. Nilikuchokoza na shali na kamba ya begi kwa sababu nilikuwa na wivu wa mkate, nikaona raha kukusikia unaungua. Raha hiyo imenitoka leo. Ninakuogopa, Hosea. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Shuka Rawlins. Usije hapa na kitu hicho. Mlango nimeukomea.

Almira


Rawlins
19 Machi 1870

Almira,

Nimeshuka. Treni imeondoka na begi langu.

Kondakta alinipa barua nikiwa nimeshika uma. Nilianza kuisoma kwa hasira, nikitafuta jina la Tewksbury, na nilipolipata nikasimama kutaka kurudi kwenye behewa. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ndipo macho yangu yakarudi juu, pale ulipoandika habari za mhunzi.

Nimekaa hapa stesheni mchana wote. Nimejaribu jambo moja, nami nitakwambia hata likiniaibisha. Nimejaribu kupanga yale ambayo ningezungumza na Tewksbury. Neno la kwanza, la pili, ningeanzaje. Sikupata kitu. Njia nzima kutoka Bitter Creek nilijiambia nitazungumza naye tu, nitazungumza naye tu, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia.

Bastola nimeitumbukiza kwenye choo cha stesheni. Hakuna atakayeifuata humo, na mimi simo katika watakaojaribu.

Unaniogopa. Nimeusoma mstari huo mpaka wino umeanza kuchakaa. Sitakuja mpaka uniite. Wewe sasa unajua kazi ya kuhukumu watu, nihukumu na mimi. Usinionee huruma kama uliyomwonea Gault. Nadhani alikudanganya, maana na mimi nilikudanganya, na nilikuwa naamini nasema kweli.

Wivu haujaniisha. Nasema hivyo usije ukadhani umeoana na malaika. Hata sasa ninapoandika naiona ile barafu. Lakini ni mimi wa kuubeba, si Tewksbury.

Hosea


Laramie
21 Machi 1870

Hosea,

Nimesoma. Nimekaa juri peke yangu jikoni, sikuhitaji wenzangu kumi na mmoja, na tumbaku haikutemwa.

Lute alikuja kuuliza kama umefika. Nilimpa beseni la maji machafu amwage, akaelewa.

Jana Keziah Gault aliniomba nimsindikize makaburini. Hana mtu wa kwenda naye, nusu ya mji haimsemeshi. Wakati huo huo jela ya Gault inajaa wageni. Wanawake wanampelekea keki za matofaa, Tewksbury kampelekea tumbaku. Mpangaji ana kifusi cha udongo na kipande cha kasha la sabuni kichwani, hakijaandikwa kitu. Familia yake iko mbali mashariki na haijajua. Keziah alisimama pale hakulia, akasema tu, "Alikuwa ananivutia maji." Nikaona aibu, maana kwa siku zote zile nililia kwa ajili ya Gault, na kwa ajili yako, na huyu sikumlilia.

Hukumu yangu ni hii. Wewe ni seremala. Tengeneza kibao cha kaburi, cha mbao nzuri, si mabaki. Uchonge jina lake mwenyewe kwa patasi, usimpe mtu mwingine hata herufi moja. Kisha uje nacho Laramie ukakisimamishe kwa mikono yako, mchana, watu wakikuona. Wakikuuliza una undugu gani na marehemu, utajua la kuwajibu.

Ukimaliza hilo, uje nyumbani. Nitakuwa nimeokea.

Almira


Rawlins
26 Machi 1870

Almira,

Nimepata mbao ya mwerezi kwa fundi wa hapa, nikamfanyia kazi ya siku mbili ili anipe, na randa yake mbovu kuliko yangu niliyoitoa. Nimeipiga randa mpaka imekuwa laini kama shavu. Juu nimeikata mviringo. Fundi aliuliza ni ya nani, nikamwambia ya mtu ambaye ningeweza kumuua.

Leo asubuhi nikaketi na patasi na nyundo, nikaweka alama ya herufi ya kwanza, na mkono ukasimama. Sijui jina lake.

Nimepekua barua ya Lute, anasema mpangaji. Nimepekua zako zote, wewe pia unasema mpangaji. Gazeti la hapa limejaza safu mbili kwa Gault, sura yake, kazi yake, mji aliozaliwa, na chini limesema "mpangaji." Nimewauliza watu wa stesheni. Kila mmoja anamjua Gault, mmoja hata anajua jina la farasi wake.

Nami nilikuwa nimemfikiria Gault usiku na mchana, nikimwonea wivu kwamba alikuwa karibu, na sikuwahi hata mara moja kuuliza yule mwingine anaitwa nani. Jina lake nani, Almira?

Hosea


Laramie
28 Machi 1870

Mume wangu,

Hata mimi sikulijua. Lilisomwa siku ya kwanza mahakamani, na baada ya hapo wanasheria, mashahidi na sisi wa juri tukawa tunasema mpangaji tu, mpaka tukampokonya jina. Nilimuuliza mke wa mchungaji, hakumbuki. Nilimuuliza Tewksbury, akasema, "Yupi?" Nimekwenda kwa Keziah. Akanitajia mlangoni, taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichokificha kisiibiwe.

Anaitwa Jotham Weir. Chonga kwa kina, upepo wa huku unakula mbao.

Mkeo,
Almira